Rangi ya Mabuyu Ina Namba

Shira ya mabuyu haimngoji mtu. Sukari ikishayeyuka na kuchemka, ukishatia iliki, chumvi ya kuonja, pilipili kwa wanaoitaka na kijiko cha rangi nyekundu, una dakika chache tu za kumimina mabuyu na kuyakoroga mpaka kila mbegu ivae. Ukizubaa, sukari inakugandia sufuriani. Ukiharakisha, yanatoka yananata, na mtoto anayetoka madrasa anajipaka mpaka kwenye kanzu.

Nilikuwa jikoni kwa mama mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nikiutazama mwiko wake. Alikuwa ameniita kwa swali. Bintiye yuko London, mpwa wake Minneapolis, nduguye Maskati, na kwa miaka mingi wote watatu wamekuwa wakipelekewa mabuyu ndani ya masanduku ya wasafiri. Sasa mpwa amefungua duka na anataka katoni kumi. Wakala wa mizigo akakataa kuzipokea mpaka aone lebo, orodha ya vilivyomo na jina la rangi iliyotumika. "Mwanangu," mama akaniambia, "mimi nala mabuyu tangu sijaota meno. Sasa meno yamekwisha na bado nala. Waniuliza sumu gani?"

Hakuna aliyesema ni sumu. Mabuyu ni yale yale, kilichobadilika ni zile katoni. Sheria ya Marekani ya mwaka 2002, iliyotungwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, inataka mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ipewe taarifa kabla shehena yoyote ya chakula haijatua nchini. Lakini inamsamehe mtu aliyekipika chakula nyumbani kwake na kumpelekea mwenziwe kama zawadi. Mama wa Kibokoni ameishi ndani ya msamaha huo bila kujua kwamba upo. Mpwa akibandika bei tu, zawadi imekuwa biashara na msamaha umekwisha. Ulaya nako msafiri ana kipimo chake: nyama na maziwa kutoka kwetu haruhusiwi kuingiza, ila samaki anaweza kubeba hadi kilo 20. Papa mkavu akipita wakati mishikaki imezuiliwa, si kwamba afisa ana chuki na mishikaki. Maradhi ya mifugo husafiri ndani ya nyama.

Tuanze na tunda lenyewe, kwa sababu hapo ndipo kioja kilipo. Mbuyu umesimama kisiwani Mombasa tangu kabla ya Ngome ya Yesu kujengwa. Ukitembea Barabara ya Mama Ngina kuelekea feri unapita chini ya mibuyu ambayo hakuna anayejua umri wake. Lakini kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, buyu ni chakula kipya. Kipimo chao ni tarehe: chakula ambacho hakikuliwa kwa kiasi cha maana ndani ya Umoja huo kabla ya tarehe 15 Mei 1997 ni kipya, hata kama mabibi zetu walikila wakingoja jahazi za kusi. Ilibidi PhytoTrade Africa, chama cha wazalishaji wa kusini mwa Afrika, kipeleke maombi Uingereza mwaka 2006, na uamuzi wa kuliruhusu ukatoka tarehe 27 Juni 2008. Mwaka uliofuata FDA nayo ikapokea taarifa ya buyu bila kuipinga, kwa matumizi yaliyotajwa kabisa: hadi asilimia 10 katika vinywaji vya matunda na asilimia 15 katika vipande vya nafaka na matunda.

Wengi wakisikia habari hii hukasirika, na hasira yao naielewa. Hata hivyo tarehe ile haikuwekwa kwa ajili yetu. Iliwekwa wakati Ulaya imeshikwa na hofu ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, na mbuyu ukanaswa katika wavu uliotegewa samaki mwingine. Baadaye waliona wenyewe kwamba wavu ule ulikuwa mzito mno. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2018 imefungua njia fupi kwa vyakula vya jadi vya nchi nyingine: ukithibitisha kwamba watu wa kwenu wamekila chakula hicho kwa usalama kwa miaka isiyopungua 25, hulazimiki kuanza na jalada zima la uchunguzi wa maabara. Historia ya mezani imekubaliwa kuwa ushahidi, lakini iwe imeandikwa. Hapo ndipo sisi watu wa "bibi yangu alisema" tunapokwama.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalioni. Ruhusa ya 2008 inaeleza unga wa buyu: gamba limepasuliwa, nyama ya tunda imetenganishwa na mbegu, ikasagwa na kuchekechwa. Mabuyu ya Mombasa ni mbegu na ungaunga wake pamoja, vimevishwa shira. Maelezo yale hayakufikiria kitu cha namna hiyo. Anayetaka kuyauza Rotterdam au Hamburg asikisie. Upo utaratibu rasmi wa kuiandikia mamlaka ya nchi husika na kuuliza kama bidhaa yako ni chakula kipya au la, kabla hujalipia hata senti ya usafiri. Uingereza nayo ilipotoka katika Umoja ilizibeba sheria hizi nyingi kama zilivyokuwa, kwa hiyo binti wa London yumo katika hesabu ile ile.

(Bara Tanzania neno "ubuyu" siku hizi lina maana ya umbea. Mimi naona umbea una afadhali, kwa sababu unavuka mpaka bila cheti.)

Sasa tuje kwenye rangi, maana huko ndiko yaliko mengi. Kila rangi ya chakula inayotambuliwa duniani ina namba. Namba hizo hutolewa na Codex Alimentarius, tume iliyoundwa na FAO na WHO, ambayo imekuwa ikiandika viwango vya chakula tangu mwaka 1963. Ulaya huzitangulizia herufi E. Nyekundu unayoiona kwenye peremende, juisi za unga na jeli inaweza kuwa 122, yaani kamoizini. Au 124, ponso 4R. Au 129, alura. Au 127, erithrosini. Kwa macho zinafanana, lakini mbele ya sheria kila moja ina kesi yake.

Chukua 122. Kwa Codex ina namba yake, na Ulaya inakubalika. Marekani haimo kabisa katika orodha ya rangi zinazoruhusiwa, wala 124 haimo. Chakula chenye mojawapo huhesabiwa kuwa kimechafuliwa kisheria, hata kiwe kisafi namna gani, na FDA ina tangazo la bandarini, namba 45-02, linaloruhusu bidhaa zenye rangi haramu au rangi isiyotajwa kuzuiliwa bila hata katoni kufunguliwa. Ukigeuza upande wa pili, 129 ndiyo nyekundu kubwa ya Wamarekani. Wao huiita nyekundu namba 40, na imejaa katika peremende zao. Kwa hiyo, kwa upande wa rangi peke yake, sinia moja la mabuyu lenye 122 linaweza kuuzwa Ulaya kwa masharti na kukataliwa Marekani, na kama lina 129 linapita kotekote, kwa masharti vilevile.

Masharti ya Ulaya yana historia. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton waliwapa watoto wa miaka 3, na wengine wa miaka 8 na 9, vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi pamoja na dawa ya kuhifadhi chakula, kisha wakapima utulivu wao. Walikuta tofauti ndogo. Wataalamu wa EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, wakasema ushahidi huo hautoshi kuzipiga marufuku rangi hizo. Wanasiasa walikwenda njia ya katikati: tangu tarehe 20 Julai 2010, chakula chenye mojawapo ya rangi sita, zikiwemo 122, 124 na 129, sharti kiandikwe kwamba huenda kikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Viwanda vingi havikuupenda mwandiko huo kwenye pakiti zao, vikabadilisha rangi vyenyewe. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi nzuri ya sheria: haikupiga marufuku, iliwalazimisha watengenezaji waseme mbele ya mzazi.

Hata kiwango cha kula kwa siku si kimoja. Wataalamu hulisha wanyama rangi, hutafuta kiasi ambacho hakikuleta madhara yoyote, kisha hukigawanya, mara nyingi kwa 100, ili kupata kiasi ambacho binadamu anaweza kula kila siku maisha yake yote. Kwa rangi 124, kamati ya FAO na WHO inasema hadi miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. EFSA waliipitia rangi hiyo hiyo mwaka 2009 wakashusha hadi 0.7. Mtoto wa kilo 15, yule wa kanzu iliyochafuka, kwa kipimo cha kwanza anafikia kikomo kwenye miligramu 60. Kwa kipimo cha pili, kwenye miligramu 10 na nusu. Anayesema sayansi ni moja hajawahi kukaa katika kikao cha wanasayansi. Mkataba wa WTO unaohusu usalama wa chakula, unaotumika tangu Januari 1, 1995, unayakubali haya: nchi inaweza kuwa kali kuliko Codex mradi iwe na hoja za kisayansi, na isitumie ukali huo kama kisingizio cha kulinda wafanyabiashara wake.

Mara nyingine linaloamua si sayansi bali maneno ya sheria yenyewe. Marekani ina kifungu cha tangu miaka ya mwisho ya 1950 kinachoitwa Delaney: kitu kinachoongezwa kwenye chakula kikionekana kuleta saratani kwa mnyama, hakiruhusiwi, kiasi kiwe kidogo namna gani. Erithrosini, yaani 127, ilionekana kuleta uvimbe wa tezi kwa panya dume. Mwaka 1990 FDA wakaiondoa katika vipodozi, lakini katika chakula ikabaki. Mpaka Januari 2025 ndipo walipoifutia ruhusa, na viwanda vikapewa hadi Januari 2027 kuiacha. Kwa miaka 35 rangi iliyokatazwa kupakwa mdomoni iliruhusiwa kumezwa! Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba vituko vya sheria za chakula vipo kwetu tu.

Hata hivyo, zote nilizozitaja ni rangi za chakula. Ninazoziogopa ni zile ambazo hazikukusudiwa kuingia tumboni: rangi za nguo, nta na mafuta ya kung'arishia. Mwaka 2003 Ufaransa ilikuta rangi ya Sudan 1 katika pilipili ya unga kutoka India, na Februari 2005 Uingereza ikaondoa madukani bidhaa zaidi ya 400, chanzo chake pilipili iliyotiwa kwenye sosi moja, na sosi ile ikawa imeingia katika vyakula chungu nzima. Februari 2024 jimbo la Tamil Nadu, India, lilipiga marufuku peremende za pamba baada ya maabara kukuta rodamini B, rangi ya waridi ya kutilia nguo. Sisemi kwamba ipo katika mabuyu ya Mombasa. Nasema kwamba rangi iliyopimwa kwa kijiko kutoka mfuko usio na jina haina wa kuitolea ushahidi.

Baadhi ya watu watasema tuache rangi za viwandani, tutumie za asili. Vyema, lakini soma namba pia. Nyekundu ya asili inayosifiwa sana viwandani ni 120, na hiyo hutokana na mdudu anayekaa kwenye mpungate wa Amerika Kusini. Hukaushwa na kusagwa. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu uhalali wake. Mfanyabiashara wa Mji wa Kale atakayekimbia kamoizini aangukie kwa mdudu, kisha apeleke mzigo Maskati, amejitafutia mtihani mwingine, juu ya sharti la nchi za Ghuba kwamba lebo iandikwe Kiarabu. Bitiruti na rozela zipo sokoni hapa hapa. Wekundu wake hufifia juani, ni kweli, lakini hazina kesi ya mdudu.

Wasomaji wangu hunikatiza hapa: mbona samaki wetu, chai yetu, vinauzwa nje bila kelele zote hizi? Kelele zilikuwepo, sema wengi wamesahau. Januari 1998, kipindupindu kilipoenea baada ya mvua za El Niño, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji, wa ziwani na wa baharini pia. WHO na FAO walieleza kwamba hatari ya kipindupindu kupitia samaki wanaouzwa nje ni ndogo, na Tanzania ikapeleka malalamiko WTO. Zuio liliondolewa katikati ya mwaka huo, lakini mwaka uliofuata likaja jingine, safari hii kwa sababu ya sumu ya kuvulia samaki Ziwa Viktoria. Tulichojifunza, kwa gharama kubwa, ni kwamba soko la nje halimkagui samaki mmoja mmoja. Linamkagua mkaguzi wa nchi: ni nani, ana mamlaka gani, maabara yake inapima nini, na anaweka kumbukumbu wapi. Mpaka idara moja ilipopewa jukumu hilo waziwazi, mvuvi mwenye samaki safi alihesabiwa pamoja na mwenye samaki mchafu.

Chai ilipitia shule hiyo hiyo kwa utulivu zaidi. Mnada uliohamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969 huuza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine za jirani, na kila shehena inajulikana imetoka kiwanda gani. Mabaki ya dawa ya shambani yakionekana Ulaya, njia ya kurudi nyuma ipo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka kila mfanyabiashara wa chakula, tangu Januari 2005, ajue amekinunua kwa nani na amemuuzia nani. Hatua moja nyuma, hatua moja mbele. Mkataba wa kibiashara baina ya Kenya na Umoja huo, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, umeondoa ushuru kwa bidhaa zetu. Viwango vya usalama haukuvigusa.

Nyumbani Kenya nako sheria ipo. Sura ya 254, Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, inakataza kuuza chakula kilichochafuliwa au chenye lebo ya uongo. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti leseni na usimamizi wa wanaouzia watu chakula, na KEBS, shirika la viwango la nchi, ndilo lenye viwango na alama ya ubora. Udhaifu wetu hauko katika maandishi. Afisa wa afya akipita uchochoroni anatazama kama mikono ni misafi, kama sinia limefunikwa, kama cheti cha daktari hakijapitwa na wakati. Vyote ni vya maana. Lakini sijawahi kumsikia akiuliza, "Rangi hii ni namba ngapi?"

Nilimwomba mama anionyeshe kikopo chake. Kilikuwa kidogo, cha plastiki, kimechorwa stroberi mbili, na chini yake neno moja la Kiingereza lenye maana ya nyekundu. Hakuna namba, hakuna mtengenezaji, hakuna tarehe. Tulikigeuza, tukakitia miwani, tukakipeleka dirishani. Mama akacheka kwanza, kisha akanyamaza, akatazama sinia lililokuwa linapoa. "Na hawa wa hapa je?" akaniuliza. Mlangoni walikuwa wamesimama watoto watatu na sarafu zao.

Swali hili ni kubwa kuliko lile la katoni kumi. Nilimwambia atafute kikopo chenye namba, anunue daima cha aina hiyo hiyo, aandike daftarini siku aliyopikia na kiasi alichotia kwa mizani, si kwa kijiko. Hilo ni karatasi la kwanza katika jalada ambalo KEBS, wakala wa mizigo na FDA watalitaka, na halina gharama ila kalamu. Kwa Minneapolis atafute 129, au bitiruti.

Nawe msomaji, ukienda soko la Marikiti kununua rangi ya mabuyu, halua au biriani, geuza pakiti kabla hujatoa pesa. Kama haina jina la rangi wala namba, irudishe kwa muuzaji, hata kama mabuyu hayo hayatavuka daraja la Nyali.